Skokadi inasema 87%, mikopo mibovu inapanda: kasoro iko wapi?

Meneja_Elgon aliuliza:

Salaam wandugu. Naomba msaada wa wanaoijua skokadi sawia (balanced scorecard, kadi ya kupimia utendaji na mkakati) kwa undani, zaidi ya ule ushauri wa "washirikisheni wafanyakazi".

SACCO yetu iko upande wa Mbale, Uganda. Wanachama wanakaribia 4,200, wengi wakulima wa kahawa na wafanyabiashara wadogo wa sokoni. Mikopo iliyo mikononi mwa wanachama ni sh. bilioni 2.7. Wafanyakazi ni 14, watano kati yao maofisa mikopo. Bodi ilileta mshauri akatuandalia skokadi yenye mitazamo minne: fedha, wanachama, michakato ya ndani, kujifunza na kukua. Kila mtazamo una uzito wa 25%, na viashiria vyote pamoja ni 38. Kila robo mwaka tunajaza Excel, inatoa wastani, tunapeleka kwa bodi.

Robo iliyopita wastani ulikuwa 87%. Robo hiyohiyo PAR30 (sehemu ya mikopo iliyo hatarini kwa kuchelewa zaidi ya siku 30) ilifika 11.8%, mwaka mmoja nyuma ilikuwa 8%. Mwenyekiti ameuliza swali moja tu: hizi 87 ni za nini?

Nataka kujua mambo haya. Viashiria vipunguzwe hadi vingapi, na kwa kigezo gani? Ramani ya mkakati (mchoro wa lengo lipi linasukuma lipi) ni lazima au ni pambo la ripoti? PEARLS (vipimo vya afya ya kifedha ya SACCO) tunayoijaza tayari ikae wapi? Na bodi inataka kuanzia mwaka ujao bonasi ifuate skokadi. Ni salama?

---

Mama_Mipango alijibu:

Meneja, kabla hujafuta kiashiria hata kimoja, iweke hiyo Excel pembeni. Ulicho nacho ni orodha ya namba iliyogawanywa mafungu manne. Kaplan na Norton, waasisi wa skokadi, walipotoa makala yao ya kwanza katika Harvard Business Review mwaka 1992, hoja ilikuwa kwamba namba za fedha zinaeleza yaliyokwisha kupita, kwa hiyo ziambatane na vipimo vingine. Ramani ya mkakati waliitolea makala mwaka 2000, nayo inajibu swali ambalo visanduku vinne peke yake haviwezi kulijibu: hiki kinakisukumaje kile? Washauri wengi wa hapa kwetu bado wanauza visanduku.

Kwa hiyo ramani si pambo. Ndiyo inayokwambia kiashiria kipi kibaki. Kiashiria kisicho na lengo kwenye ramani hakina kazi kwenye skokadi, hata kama mfadhili anakipenda.

Ichoreni kwenye ukurasa mmoja, mkianzia juu. Kampuni ya biashara huweka fedha juu kabisa. SACCO ni tofauti kwa sababu mwanachama ndiye mwenye mali na ndiye mteja, kwa hiyo mimi huweka mtazamo wa wanachama juu, fedha chini yake kama sharti la kuendelea kuwepo. Ofisi za serikali zinazotumia skokadi zinafanya vivyo hivyo: juu inakaa huduma kwa mwananchi, bajeti inakuwa nyenzo.

Kisha teremka kwa kuuliza "ili hili litokee, ni kazi gani ya ndani ifanyike vizuri kuliko sasa?" Kwa hali uliyoeleza, mnyororo mmoja unaweza kusomeka hivi, kutoka chini kwenda juu. Maofisa mikopo wanajua kupima mtiririko wa fedha wa kaya. Kwa hiyo kila mkopo unaozidi kiwango fulani unatanguliwa na ziara ya shambani au dukani, na ratiba ya marejesho inafuata mapato ya kweli ya mkopaji. Kwa hiyo rejesho la kwanza linalipwa kwa wakati, PAR30 inashuka, fedha inayotengwa kwa hasara inapungua, ziada inabaki ya kuongeza akiba ya chama na gawio.

Tazama hapo kwenye ratiba. Mkulima wa Arabika wa Elgon anapata fedha nyingi mavuno makuu yanapoingia, miezi ya mwisho wa mwaka hadi mwanzoni mwa unaofuata. Mkimpa mkopo wa miezi 12 wenye marejesho sawa kila mwezi, mmemwandikia kuchelewa tangu siku ya kusaini. Hakuna semina ya "huduma bora kwa mteja" itakayorekebisha hilo, ingawa nina hakika kwenye zile 38 kuna "idadi ya semina zilizofanyika".

Kila mshale usomwe kwa sauti mbele ya wenzako: tukifanya hili, lile litabadilika *kwa sababu*… Hapo kwenye "kwa sababu" ndipo watu wanakwama. Mshale unaotoka "mafunzo" kwenda "kuridhika kwa wanachama" haupiti mtihani huo: mafunzo gani, kwa nani, mwanachama ataona nini kimebadilika dirishani? Na malengo yaandikwe kwa vitenzi vinavyouma. "Kuboresha huduma" si lengo. "Kutoa jibu la mkopo ndani ya siku tatu" ni lengo.

Washiriki: wewe, wakuu wa vitengo, wajumbe wawili wa bodi, ofisa mikopo mmoja na keshia mmoja. Nusu siku mbili, karatasi kubwa ukutani na vikaratasi vya kubandika. Mshauri akiwepo ashike kalamu tu. Mkivuka malengo 12 mjue mmekwepa kuchagua. Waasisi wenyewe walizungumzia viashiria 20 hadi 25 kwa shirika zima, nao walikuwa wakishughulika na makampuni makubwa. SACCO ya watu 14 inatosheka na 12 hadi 15.

---

Mkaguzi_wa_Ndani alijibu:

Mama Mipango amemaliza upande wa ramani. Mimi nitakwenda kwenye Excel, maana 87% na PAR30 ya 11.8% haviwezi kukaa ukurasa mmoja bila fomula kuwa na kasoro.

Fungua seli ya alama ya PAR. Ninabashiri imeandikwa *halisi gawanya kwa shabaha*. Shabaha yenu bila shaka ni 5%, maana ndicho kikomo cha PEARLS. 11.8 ÷ 5 = 236%. Templeti nyingi zina kikomo cha 120%, kwa hiyo PAR yenu imeingia kwenye wastani kama 120%. Mikopo ikizidi kuoza, nyinyi mnapata alama kamili pamoja na nyongeza. Kagua pia gharama za uendeshaji, siku za kutoa mkopo, malalamiko, wafanyakazi walioacha kazi: vyote ambavyo namba ndogo ndiyo nzuri.

Fomula salama kwa viashiria vya aina zote mbili ni hii: (kianzio − halisi) ÷ (kianzio − shabaha). Tuseme kianzio ni 11.8, shabaha ya mwaka 7, robo hii mmefika 9.9. Basi 1.9 ÷ 4.8, sawa na 40% ya safari. Ikipanda hadi 12.5 inatoa namba hasi, na hasi ionekane hivyohivyo, isigeuzwe sifuri.

La pili, PAR30 yenyewe mnaihesabu vipi? Juu ya mstari ni *salio lote* la kila mkopo wenye rejesho lililochelewa zaidi ya siku 30. Chini ni salio la mikopo yote. Wengi huweka juu yale marejesho yaliyochelewa tu. Kwa bilioni 2.7 zenu, 11.8% ni salio la kama milioni 319. Marejesho yaliyochelewa ndani ya mikopo hiyo yanaweza kuwa milioni 96 tu, na ukigawanya hizo unapata 3.6%. Tofauti kati ya 3.6 na 11.8 ni tofauti kati ya bodi kulala na bodi kukesha.

Halafu kuna njia tatu za kuishusha PAR bila mkopo hata mmoja kupona, na zote nazitafuta kila ninapokagua. Kutoa mikopo mipya kwa wingi karibu na tarehe ya ripoti: ongeza milioni 400, na 319 ÷ 3,100 inakuwa 10.3%. Kupanga upya mkopo uliochelewa ili saa ianze sifuri. Kufuta mikopo vitabuni. Dawa ya njia ya kwanza ni kufuatilia mikopo kwa kundi la robo iliyotolewa: ile ya Januari hadi Machi, ni asilimia ngapi imechelewa zaidi ya siku 30 ilipofika mwezi wa sita? Kundi halipunguzwi makali na mikopo mipya. Dawa ya njia ya pili: mkopo uliopangwa upya uendelee kuhesabiwa hatarini hadi marejesho matatu mfululizo yalipwe kwa wakati. Ya tatu, ripoti mikopo iliyofutwa mstari mmoja chini ya PAR, kila mara.

Kila kiashiria kiwe na karatasi yake ya maelezo, nusu ukurasa: fomula, chanzo cha data, nani anaitoa, nani anawajibika (hawa wawili wasiwe mtu mmoja), mara ngapi, kianzio, shabaha, na mipaka ya kijani, njano na nyekundu iliyowekwa *kabla* ya mwaka kuanza. Mkishindwa kuandika fomula kwa sentensi moja, kiashiria hicho bado hakijaiva.

Kuhusu PEARLS: ibaki, lakini pembeni. Hiyo ni vipimo vya afya, sawa na presha na sukari kliniki. PAR isizidi 5%, gharama za uendeshaji zisizidi 5% ya wastani wa mali, mtaji wa chama usipungue 10% ya mali, mikopo halisi iwe 70 hadi 80% ya mali, mikopo iliyochelewa zaidi ya miezi 12 itengewe hasara 100%. Vyote mtavitazama kila mwezi. Kwenye skokadi viingie vile tu ambavyo mkakati wenu wa sasa umekusudia kuvisogeza. Kwenu naona PAR na gharama. Ukivihamishia vyote huko, umerudi kwenye 38.

---

Meneja_Elgon alijibu:

Nimefungua seli. Ni 120% kweli, na tatu nyingine zilizokaa hivyohivyo. Asante, ssebo.

Mawili yamebaki. Hilo la bonasi na uzito wa 25% kila mtazamo. Na wajumbe wa bodi wanasema mkakati wowote usiojibu suala la PDM (Parish Development Model, mpango wa serikali wa mikopo nafuu) ni kupoteza karatasi, kwa sababu wanachama wanapata mkopo huko kwa riba ya 6% kwa mwaka na sisi hatuwezi kufika hapo.

---

Rasilimali_Watu_Arua alijibu:

Naanza na uzito. Mpe ofisa mikopo kadi yenye mitazamo minne ya 25% kila mmoja. Apate 100 kwenye wanachama, 100 kwenye michakato, 100 kwenye kujifunza (alihudhuria semina zote, hata chai hakukosa), na 30 kwenye fedha. Wastani ni 82.5, "vizuri sana". Mikopo yake inaungua na yeye anapokea barua ya pongezi. Neno "sawia" linatufanya tudhani mafungu lazima yalingane uzito, wakati kinachosawazishwa ni matokeo na visababishi vyake, ya leo na ya kesho.

Kwa skokadi ya chama kizima ningefuta wastani moja kwa moja. Onyesheni kila lengo na rangi yake. Bodi isome malengo 12, isisome namba moja. Kwa kadi ya mtu binafsi mkishikilia alama, wekeni sharti la mlango: ofisa ambaye kundi la mikopo yake limevuka kikomo kilichokubaliwa hawezi kupata daraja la juu, hata mengine yawe 100.

Bonasi: mwaka wa kwanza hapana. Sababu ni ya kiufundi, sina ugomvi na bonasi. Mara fedha ikifungwa kwenye shabaha, kila mtu anaingia kikao cha kupanga shabaha akiwa wakili wa mfuko wake, na shabaha zinashuka. Pia data yenu bado haijaaminika. Mmegundua leo fomula nne mbovu. Pitisheni robo nne mkijaza bila fedha, mkaguzi athibitishe namba kwa kuchota mafaili kumi ya mikopo kila mwezi na kuwapigia simu wakopaji kuuliza kama ziara ilifanyika kweli. Zikikaa sawa, anzeni na sehemu ndogo ya bonasi, na nusu yake iwe ya timu nzima. Ofisa mikopo akilipwa kwa mikopo aliyotoa peke yake, atatoa. Anayekusanya atakuwa mwingine.

Kuteremsha skokadi kwa watu ni mahali pengine watu wanapoharibu. Hawateremshi, wanachapisha nakala: kila mtu anapewa mitazamo minne, hata askari wa getini anapangiwa "ukuaji wa fedha". Chukua lengo la chama uulize huyu mtu mkono wake unaligusa wapi. Kadi ya ofisa mikopo ingekuwa na vitu vitano: asilimia ya mikopo iliyotanguliwa na ziara yenye fomu ya mtiririko wa fedha, rejesho la kwanza kwa wakati, PAR30 ya kundi lake, fedha iliyokusanywa kutoka mikopo ya zamani, na siku za kutoa jibu. Keshia ana viwili au vitatu: muda wa mwanachama kwenye foleni, tofauti ya sanduku mwisho wa siku, miamala ya mobile money iliyolinganishwa siku hiyohiyo. Askari apewe maelezo ya kazi, yanamtosha.

---

Mama_Mipango alijibu:

Nichukue la PDM, maana hapo bodi yako ina hoja nzuri ila inailenga pembeni. Mpango ule unapeleka sh. milioni 100 kwa kila muluka (parish) kwa mwaka, na kaya hukopa hadi milioni moja. Ukiamua kushindana nao kwa riba utashindwa, na skokadi haitakuokoa, itarekodi tu ulivyoshindwa. Swali la mkakati ni mwanachama gani mnamtaka na mtampa nini asichokipata huko. Jibu linaloelekea kufaa SACCO kama yenu ni mikopo ya juu ya milioni moja, jibu la haraka, na mahali pa kuweka akiba anapopaamini. Hayo matatu ndiyo yakae kwenye safu ya wanachama kwenye ramani. Idadi ya wanachama wapya, kiashiria ambacho kila SACCO inacho, kiondoke. Mahali pake iwekwe idadi ya wanachama walioweka akiba angalau mara moja katika siku 90.

Kwenye "jibu la haraka" kuna mtego. Mkipima siku kuanzia faili *linapokamilika*, maofisa watachelewesha kulitangaza limekamilika: leo inakosekana barua ya LC1 (mwenyekiti wa kijiji), kesho picha ya mdhamini. Saa ianze mwanachama anapokabidhi fomu dirishani na kugongewa muhuri wa tarehe, isimame fedha inapoingia kwenye simu au akaunti yake, au anapoambiwa hapana. Tena tumieni kati badala ya wastani: panga mikopo ya mwezi kwa idadi ya siku, chukua uliopo katikati, na pembeni andika mkopo uliochelewa kuliko yote. Mikopo mitatu iliyokwama miezi miwili inaharibu wastani, ilhali walio wengi wanapata jibu siku ya nne.

Na ujue mapema kwamba kasi na ziara ya shambani vinavutana. Ziara inakula siku. Ramani nzuri inaonyesha mvutano huo, na utatuzi wake huwa na bei: pikipiki mbili na mafuta yake, au mikopo ya chini ya kiwango fulani kwa mwanachama mwenye historia safi kupita bila ziara. Lengo lenye pengo kubwa lisilo na mradi wala shilingi kwenye bajeti ni dua tu. Pitisheni bajeti na skokadi kikao kimoja.

PAR30 haitashuka robo ya kwanza hata mkifanya kila kitu sawa, kwa sababu zile milioni 319 za zamani bado zimo. Ndiyo maana muwe na minyororo miwili tofauti kwenye ramani: ubora wa mikopo mipya, na ukusanyaji wa ya zamani. Mkiichanganya, kazi nzuri ya maofisa itafunikwa na madeni waliyoyarithi, nao watakata tamaa kufikia Juni.

Vikao navyo vitenganishwe. Cha kila mwezi kiwe cha utendaji, saa moja na nusu, namba zimefika kwako tarehe 5, mnajadili nyekundu tu, na kila nyekundu inaondoka na hatua, mwenye hatua na tarehe. Cha robo mwaka kiwe cha mkakati na kijadili mishale, rangi muwe mmeshamalizana nazo kwenye vya mwezi. Chukueni mshale mmoja muuweke mezani: ziara zimepanda kutoka 30% hadi 90% kwa robo mbili, je, rejesho la kwanza kwa wakati limesogea? Kama limesogea, endeleeni. Kama halijasogea, kuna mawili: ama ziara ni za kwenye karatasi (mkaguzi atajua kwa simu kumi), ama ziara ni za kweli ila haziibadilishi ratiba ya marejesho, na fomu ya mtiririko wa fedha inaishia kwenye faili bila mtu kuisoma wakati wa kuidhinisha. La pili ndilo nitakalolishuku kwanza. Angalia mikopo 20 ya karibuni: ratiba ngapi ni tofauti na marejesho sawa ya kila mwezi?

---

Meneja_Elgon alijibu:

Nimeangalia 20 za mwisho. Mbili. Kikao cha ramani kimewekwa wiki ijayo, na fomu ya kuidhinisha mkopo itakuwa na safu mpya ya "miezi ya mapato" kabla ya hapo. Nitaweka rasimu ya ramani hapa muipasue.